Mkoko unang'aa, gia boksi inalia!

Kama upo kijiweni, sogea kivulini. Kama umekaa siti ya mbele ya mkoko wako, punguza muziki kidogo tuelewane. Leo siongelei mapenzi wala mitindo ya nywele, ingawa ukinifuata mpaka chini utaona kama na mapenzi nayo yamo.

Swali langu ni moja tu: oili ya gia boksi ya gari lako ilibadilishwa lini?

Sisemi oili ya injini. Hiyo utanijibu haraka, maana fundi alishakuandikia kadi na tarehe juu. Nauliza ile ya gia boksi, ile ambayo mafundi wetu wengi wanaiita haidroliki.

Kimya... Nilijua!

Usione haya, hauko peke yako. Nimetembea na swali hili kuanzia Kilwa Masoko mpaka stendi ya Lindi. Nimewauliza masuka wa abiria, vijana wa teksi na mabishoo wenye IST za taa za bluu. Mmoja aliniambia, "Hiyo haibadilishwi, inakuja nayo kutoka Japani." Mwingine akasema, "Siku gia ikigoma ndiyo tunaimwaga." Wa tatu, brazameni mmoja aliyevaa miwani ya jua saa moja ya usiku, akanishangaa: "Kwani gia boksi nayo ina oili?"

Nilicheka. Halafu nikakumbuka ya nyumbani kwetu, kicheko kikakata.

Mimi si fundi. Nimeishia form four, naandika makala hapa na pale napata mshiko wa kubadilisha mboga. Ila somo la gia boksi liliingia kwetu kwa mlango wa mbele, likakaa sebuleni mwaka mzima kama mgeni asiyeaga.

NOAH LA MJOMBA

Mjomba wangu anakaa Kilwa Kivinje, na ni mkulima wa ufuta. Kwa sisi wa mkoa wa Lindi ufuta na korosho ndiyo benki yetu, ndiyo posa, ndiyo bati la nyumba. Mwaka 2020 shamba lilimkubali. Akauza, mama yangu akaongezea pesa yake ya kikoba, shangazi naye akatoa alichokuwa nacho. Likanunuliwa Noah la mtumba, otomatiki, kutoka Dar es Salaam. Siku lilipoingia Kivinje watoto walilikimbilia utadhani limebeba bibi harusi.

Kazi yake ilikuwa abiria: Masoko, Nangurukuru, na siku nyingine mpaka Lindi mjini. Na ndani ya lile Noah kulikuwa na abiria mmoja asiyeonekana, nayo ni ada ya binti wa mjomba. Dada yetu huyo alikuwa ameanza kusomea uuguzi. Kila Jumamosi jioni suka alikabidhi hesabu, mjomba akagawa mafungu matatu: la mafuta na matengenezo, la kula, na la chuo. Fungu la chuo lilifungwa kwenye kitambaa, hata mkewe hakuligusa.

Mjomba alilipenda gari lile, wacha bwana! Alilivisha viti makava mapya, akalifungia spika, nyuma akaandikisha "SUBIRA" kwa herufi za dhahabu. Oili ya injini ilimwagwa kwa wakati. Dirisha likikwama leo, kesho limeshapona. Ila gia boksi hakuna aliyeigusa, kwa sababu aliyemuuzia alimpa neno moja tamu sana: "Mzee, hii imefungwa kiwandani. Oili yake ni ya maisha."

Maisha ya nani? Hakusema.

Baada ya mwaka na ushee, Noah likaanza vituko. Asubuhi ukiweka D linatulia kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali gumu, halafu linashtuka na kuondoka. Suka akasema ni baridi ya asubuhi. Baridi ya Kilwa, msomaji wangu! Halafu likaanza kupanda injini bila kupanda mwendo: unakanyaga mafuta, injini inaunguruma, gari linajikongoja. Wakasema ni mafuta machafu. Kila ugonjwa ulipata jina, isipokuwa jina lake lenyewe.

Mwaka 2022, siku ya gulio, limejaa watu na madumu na kuku wawili, likapanda kutoka bonde la Mbwemkuru. Katikati ya mlima D ikakataa. Wakajaribu tena, ikakataa. R ikakubali. Sasa utarudi kinyumenyume mpaka Nangurukuru? Abiria walishuka, wenye roho nzuri walidai nusu nauli, wengine walidai yote na matusi juu.

Kasheshe halikuishia hapo. Likapatikana Fuso la kuvuta. Noah likafungwa kamba, magurudumu yote chini, likaburutwa kilomita kwa kilomita. Hakuna aliyejua kwamba hapo ndipo gia boksi ilikuwa inamaliziwa. Kwenye otomatiki za kawaida, pampu inayosukuma oili inaendeshwa na injini. Injini ikizima, pampu imezima. Magurudumu yanayoendesha gari yakizunguka barabarani, vyuma vya ndani vinazunguka navyo bila oili kuvifikia. Ndiyo maana otomatiki mbovu hubebwa juu ya gari jingine, au hunyanyuliwa yale magurudumu yanayoendesha. Kamba ya Fuso ni ya dharura ya mita chache tu, si ya safari.

Fundi aliyelipokea ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Alilala chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni na mjomba. Nilitegemea kuona kitu chekundu kama sharubati ya ukwaju. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama kahawa ya jana, kina harufu ya kitu kilichoungua. Akafungua na sampu, lile bakuli la chini. Mle ndani kuna visumaku vya kunasa unga wa chuma, na vilikuwa vimeota ndevu. Na siyo unga tu, kulikuwa na vipande.

Mzee akapaka kidole, akamwonyesha mjomba. "Mzee mwenzangu, hii siyo oili tena. Hii ni talaka."

Mjomba akauliza, "Hakuna suluhu?"

"Suluhu ilikuwepo mwaka jana."

Sitasahau jibu lile. Lilisemwa bila kejeli, na ndiyo maana liliuma zaidi.

Gia boksi ya mtumba ilibidi itafutwe Dar. Bei yake, usafiri, ufundi wa kushusha na kupandisha, pamoja na wiki ambazo gari lilikuwa juu ya mawe, vilimeza lile fungu la tatu lote na kuanza kula mbegu za msimu uliofuata. Dada yetu akarudi nyumbani katikati ya masomo. Hakulia mbele yetu. Alifunga madaftari yake kwenye kanga, akayaweka juu ya kabati, akaenda kuwasaidia kina mama kupepeta. Alirudi chuoni mwaka uliofuata, akawakuta wenzake wameshatangulia darasa zima.

Sasa ukipiga hesabu, oili iliyokosekana isingefika hata sehemu ya kumi ya gharama ile. Madumu mawili ya oili dhidi ya mwaka mmoja wa msichana. Hapo ndipo nilipoapa nitalijua jambo hili mpaka nilichoke.

KWANI HIYO OILI INAFANYA NINI?

Kwenye gari la manyuo, lile la klachi ya mguu, oili ya gia boksi kazi yake kubwa ni kulainisha meno ya gia yasisagane, na kuondoa joto. Ni nzito na inavumilia. Ndiyo maana Fuso na Coaster nyingi zinatesa miaka na wenyewe hawajui hata nati ya gia boksi iko upande gani.

Otomatiki ni habari nyingine. Humo oili ni kila kitu. Inalainisha, inapooza, na zaidi ya hapo ndiyo inayofanya kazi ya mguu wako wa klachi. Kati ya injini na gia boksi kuna bakuli linaloitwa toku konveta, na ndani yake nguvu ya injini inavushwa kwa oili inayozungushwa kwa kasi. Oili hiyohiyo inasukumwa kwa presha kwenye vijia vyembamba kama vya mchwa, inabana klachi ndogondogo, na kila ikibana klachi fulani unapata gia fulani. Kwa hiyo oili ikichoka, hata gia yenyewe inachoka.

Na inachokaje? Kwanza joto. Ikizidi joto lake la kawaida dawa zilizochanganywa ndani yake zinaungua. Mafundi wana kanuni yao kwamba kila joto likizidi nyuzi kumi hivi, umri wa oili unakatika nusu. Pili, uchafu wa klachi na unga wa chuma vinaelea humo na kusugua kila vinapopita. Tatu, maji. Hayo nitayarudia, maana watu wa Kilwa tuna kesi na maji.

Hapa nikuchekeshe kidogo. Gia za otomatiki za kuuzwa kwa wingi zilianza na General Motors ya Marekani, walipoitoa Hydra-Matic mwaka 1939 kwa ajili ya magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Na kwa miaka mingi oili ya gia hizo ilichanganywa na mafuta ya nyangumi! Mnyama yule mkubwa anayepita huku baharini kwetu. Mafuta yake yalivumilia joto na kuzifanya klachi zishike vizuri. Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili nyangumi wasiishe, wakemia walilazimika kukuna vichwa kupata dawa mbadala. Sasa kama nyangumi mzima alitolewa mhanga kwa ajili ya oili hii, wewe unashindwa kutoa noti kadhaa?

HAYA, LINI SASA?

Tuje kwenye swali lenyewe. Kitabu cha gari lako ndicho msemaji wa kwanza, ukikipata. Ila kwa ujumla otomatiki inayotumika kwa upole hubadilishwa oili kati ya kilomita 60,000 na 100,000. Inayotumika kwa shida inakatwa katikati, karibu kila kilomita 40,000 hadi 50,000. Manyuo iweke kwenye 40,000 hadi 80,000, kutegemea na kazi yake.

Matumizi ya shida ni yapi? Watengenezaji wenyewe wanayataja: joto kali, vumbi, mizigo mizito, milima, kuvuta tela, na mwendo wa simama-nenda. Sasa niambie, msomaji, ni lipi kati ya hayo halipo kwetu? Toka Mbagala kwenye foleni, kuna simama-nenda. Ingia barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale, zaidi ya kilomita 200, kuna vumbi na makorongo. Pakia Noah watu na magunia mpaka matairi yanaomba maji. Jua la pwani nalo halijawahi kwenda likizo.

Wazee wa usukani wananiambia barabara imekuwa laini siku hizi. Kweli. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na safari ya Dar hadi Lindi, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa ya kuaga ukoo. Lakini zama zile gari nyingi za kusini zilikuwa manyuo. Leo lami imekuja, na otomatiki zimekuja juu ya lami, zinakimbizwa kwenye jua la saa nane na mzigo wa Fuso. Mgongo wako haupati tena mtikisiko, ila gia boksi inachemka kimyakimya. Kwa hiyo ukikaa huku kwetu jihesabu mtu wa matumizi ya shida, fuata ile namba ndogo. Na kama gari halitembei sana, usisubiri kilomita. Hesabu miaka, miwili mpaka minne, mwaga.

Vipi kuhusu ile "oili ya maisha"? ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza gia boksi za magari mengi ya kifahari, inashauri oili ya otomatiki zake ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka minane. Na hizo ni gia boksi ambazo baadhi ya wauza magari wanasema zina oili ya maisha! Mwenye chombo anasema badilisha, muuzaji anasema usiguse. Utamsikiliza nani?

Halafu kuna hili la mtumba. Gari limetembea Japani miaka kumi, limekuja kwa meli, limekaa bandarini, umelinunua linang'aa. Oili iliyomo ni ya nani? Hujui. Kilomita za kwenye deshibodi nazo zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, ukapigwa changa la macho. Dawa ni moja: gari la mtumba likiingia mikononi mwako, lihesabu halijabadilishwa kitu. Anza upya, andika tarehe.

MAJI YA SOMANGA

Nilisema nitarudi kwenye maji. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotupiga, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika huku wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo, magari yakakwama foleni ndefu. Maji yalipopungua kidogo, wapo waliojitosa. Nikaona mtu anaingiza IST kwenye maji yanayofika kwenye taa, huku wenzake wanapiga makofi. Akavuka! Akashuka kama shujaa wa filamu.

Ila gia boksi ina tundu dogo la kupumulia kwa juu. Ikiwa ya moto ikazamishwa ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na kwa kusinyaa inavuta maji. Yakiingia, oili nyekundu inageuka kama maziwa yaliyotiwa sharubati ya waridi. Na klachi za otomatiki zimegandishwa kwa gundi kwenye sahani zake, gundi ambayo maji huiachanisha. Wiki ya kwanza huoni kitu. Mwezi wa pili unaanza kutafuta mchawi.

Kwa hiyo hapa kilomita hazihesabiwi. Ukivuka maji yaliyofika kwenye gia boksi, simama, pima oili, na ukiona ina rangi ya maziwa usiiendeshe hata kwa "nifike tu nyumbani". Imwagwe siku ileile, na itamwagwa tena mpaka itoke safi. Rangi hiyohiyo inaweza kuonekana hata kama hujavuka maji, maana kwenye magari mengi oili ya gia inapoozwa ndani ya rejeta, na rejeta ikioza ndani maji yake yanachanganyika na oili. Na kwa sisi tunaolaza magari karibu na bahari, chumvi inakula chuma. Kila asubuhi chungulia chini ya gari kwenye mchanga. Ukiona doa jekundu, siyo juisi ya mtoto.

KUPIMA NI BURE

Kina dada msinikimbie, hii haihitaji misuli. Kama otomatiki yako ina dipstiki ya gia boksi, endesha robo saa hivi ipate moto, simamisha mahali tambarare, vuta hendibreki, kanyaga breki, injini inaendelea kulia. Pitisha gia zote taratibu mpaka mwisho, rudisha P. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, irudishe, ichomoe tena. Soma alama ya moto. Honda nyingi zina utaratibu wao, unazima injini kwanza ndipo unapima, kwa hiyo fuata kitabu. Nyingine hazina dipstiki kabisa, hizo mpelekee fundi anayejua joto la kupimia.

Angalia mambo matatu. Rangi: nyekundu nzuri, kahawia ni onyo, nyeusi ni balaa. Harufu: ikinuka kuungua, klachi zinaungua. Mguso: sugua kwenye vidole, ukisikia chengachenga kama mchanga, muone fundi leo. Usijaze kupita alama ukidhani unaipendelea. Ikizidi inapigwa povu, na povu halibani klachi.

Ukienda kubadilisha, mambo mawili yasikupite. La kwanza, aina ya oili. Siyo kila chekundu kinafaa. Kwenye Toyota nyingi za zamani jina la oili limeandikwa kwenye dipstiki yenyewe. Na majina ya magari yasikuchanganye: IST ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ina otomatiki ya gia nne, lakini IST ya pili, iliyotoka mwaka 2007, inatumia CVT, ambayo haina gia za kupanda na kushuka bali mkanda wa chuma. Jina moja, oili mbili tofauti kabisa. Ukiitilia CVT oili ya otomatiki ya kawaida mkanda unateleza, na mkanda ukishakwaruza umekwisha. Fundi akikwambia "haidroliki zote ni moja", mshukuru kwa chai, washa gari, ondoka.

La pili, ukifungua nati haitoki oili yote. Mara nyingi hutoka chini ya nusu, nyingine imejificha kwenye toku konveta. Kwa hiyo pima kilichotoka, rudisha kiasi kilekile, endesha siku kadhaa, halafu rudia mara mbili au tatu. Kama sampu inafunguka, fungua, safisha visumaku na badilisha filta. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande ni msiba.

Najua kuna mtu hapo nyuma ananyoosha kidole: "Mbona rafiki yangu alibadilisha oili na gia boksi ikafa wiki hiyohiyo?" Swali zuri. Wengi wanabadilisha wakati gia imeshaanza kuteleza. Klachi zimeshalika, ule uchafu mzito ndio uliokuwa ukizisaidia kushikashika. Ukitia oili safi, ukweli unatoka. Oili mpya haikuua, ilikuta maiti imekalishwa kwenye kiti. Gari lililokaa sana bila kubadilishwa ila bado linabadili gia vizuri, libadilishe kwa kumwaga kidogokidogo kama nilivyosema, siyo kulisukumia mashine za presha. Lililoanza kuteleza, litibiwe na fundi kwanza, oili pekee haitaliponya.

GARI NI NDOA

Sasa nije kwenye yale mapenzi niliyokuahidi. Sisi vijana tumezoea harusi. Kununua gari ni harusi: picha, shangwe, washkaji wanakuja kukupa tano, sista duu wa mtaa wa pili anaanza kukusalimia. Tunalipamba kwa vinavyoonekana, rimu, stika, taa, spika. Oili ya gia boksi haionekani na haipigwi picha. Hakuna mtu aliyewahi kupata mchumba kwa sababu amebadilisha filta.

Lakini kulitunza gari ni ndoa, na ndoa inalindwa na yale yasiyoonekana. Gari la kwetu huku mara nyingi si la mtu mmoja. Hata kama kadi ina jina lako, mle ndani kuna kikoba cha mama, ufuta wa mjomba, na daftari la mdogo wako. Gia ikikataa mlimani, hao wote wanashuka na kutembea kwa miguu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kabla wiki haijaisha fanya hivi, bila gharama yoyote. Chukua karatasi, andika kilomita za leo zilizoko kwenye deshibodi. Muulize fundi wako lini mara ya mwisho gia boksi ilimwagwa na ilitiwa oili gani. Akikujibu, andika. Akibabaika, andika "haijabadilishwa", anza kutenga pesa Jumamosi hii. Ukishabadilisha, jumlisha 40,000 kwenye namba ya siku hiyo, iandike kubwa na uibandike ndani ya droo ya deshibodi, pale unapoweka kaseti zako... samahani, chaja yako ya simu!

Na kama gari lako lina ile tabia ya kutafakari kwanza ukiweka D asubuhi, usimtafute mchawi, wala usiisingizie baridi. Kilwa hatuna baridi.

Tuonane wiki ijayo. Endesha taratibu, na salimia abiria wako.